Fungu la Kumi Linalokoroma

Jumatatu, 4 Machi
Jana mchungaji alihubiri fungu la kumi. Si lazima liwe pesa, alisema, kila mtu alete sehemu ya kumi ya alichojaliwa. Macho yake yakatua kwangu, au ndivyo nilivyoona. Nikaona aibu. Paa lake linavuja, mkewe anachota maji na mgongo mbovu, na mimi miezi yote hii sijapeleka hata yai. Lakini kuku wangu walikufa kwa kideri! Nafulia watu nguo, na faida yote inaliwa na sabuni. Nimejaliwa nini mimi?

Nikahesabu vilivyomo ndani. Sufuria nne. Viti vitatu, kimoja mgonjwa. Watu: mimi, Baba Watoto, mama mkwe, watoto sita, Shemeji. Kumi!

Loo! Kumi kamili.

Jumanne, 5 Machi
Shemeji, mdogo wake Baba Watoto, alikuja kututembelea wiki moja. Huu mwaka wa tatu. Kitanda cha chumba kidogo ni chake, na kukoroma kwake kunatikisa dirisha. Kitindamimba wangu analala jikoni kwenye mkeka, na moshi unamkohoza. Mitihani ya kumaliza shule ni mwezi ujao! Mwalimu ameniita, mtoto anasinzia darasani. Moyo umeniuma. Katika wanangu wote huyu ndiye anayependa kitabu. Mimi niliishia darasa la nne.

Nimemweleza Baba Watoto mpango wangu. Kasema mtu hatolewi zaka. Nikamwambia jamani hatumchinji, tunamkabidhi tu. Akauliza leo tunakula nini. Basi amekubali.

Alhamisi, 7 Machi
Nimempeleka. Nilimwambia kwa mchungaji kuna chai ya maziwa, akavaa viatu bila kusukumwa. Mchungaji aliponisikiliza akakohoa, akasema tangu aanze utumishi hajapokea zaka ya namna hii. Nikamhakikishia kwamba nguvu anazo, tena mpya kabisa, hazijawahi kutumika. Mama mchungaji akamkabidhi ndoo. Nikaondoka mbio.

Njiani nikakutana na jirani yangu, fundi cherehani. Yeye alimshonea mchungaji mapazia, na hakuna asiyejua. Akaniuliza shoga yangu, na wewe umetoa nini safari hii? Nikamjibu nimetoa mtu mzima. Akageuza njia, akarudi alikotoka!

Mtoto yuko kitandani. Nimekwenda kumchungulia kila mara, mpaka akaniomba nimwache alale.

Jumapili, 10 Machi
Nilijiandaa kwa malalamiko. Kumbe Shemeji kaziba paa! Anachota maji huku anaimba! Kwangu hata ufagio ulikuwa unamwelemea. Mchungaji akanisimamisha mbele ya watu, akasifu moyo wangu wa kutoa. Nikainamisha kichwa kama malaika. Fundi cherehani akanong'ona kwamba kuna watu wanamwaga taka na kuziita sadaka. Kijicho tu.

Jumatano, 13 Machi
Shemeji kapewa kazi ya kupita nyumba kwa nyumba kukusanya mafungu. Leo kanipigia hodi mimi! Nikamwambia zaka yangu ni wewe. Akasema hiyo ilikuwa ya watu, bado ya vitu. Nikaapa sina kitu. Akapita moja kwa moja hadi nyuma ya pipa, akaitoa sukari yangu ya akiba. Akapima sehemu ya kumi kwa kijiko, akanibariki, akaenda.

Jumapili, 17 Machi
Balaa! Mchungaji katangaza kwamba Shemeji sasa ni mtumishi rasmi, na anayelitumikia kanisa hutunzwa na waumini: chakula, malazi na heshima. Nikaitikia amina kwa sauti kuliko wote, nikijua huo mzigo ni wa wengine. Akauliza nani atamtunza kwa niaba yetu. Fundi cherehani akasimama, akasema hapa nani ana moyo wa kutoa kumshinda huyu jirani yangu, si mchungaji mwenyewe alisema? Makofi, vigelegele.

Shemeji amerudi na begi. Kitanda amekichukua, safari hii kwa uamuzi wa kanisa zima. Anapakuliwa wa kwanza. Nikimwita Shemeji, mama mkwe ananirekebisha: Mtumishi! Kitindamimba kakusanya vitabu vyake, eti mama usijali, moshi nimeshauzoea. Nimelia juu ya beseni la nguo za watu. Bahati nzuri zilikuwa zimeshalowa.

Ila nimekaa nikafikiri, nimeona nilipokosea. Nilitoa mtu siye! Wanaopewa vitanda si watumishi? Kesho nampeleka mtoto kwa mchungaji, nimwambie ana wito, akae kwake chini ya paa lisilovuja mpaka amalize mitihani. Nani atakataa zaka?

Nimemweleza mtoto. Akaniuliza, je, mchungaji akinirudisha na mimi nikiwa mtumishi, nitunzwe na nyinyi, jikoni atalala nani?

Nimemwambia akanawe miguu alale. Maswali magumu ayaache huko huko kwenye mitihani.