Aliyeingia Kazini Saa Moja na Nusu

Jumatatu, 4 Machi
Daktari ameusikiliza moyo wangu, kisha akakikunja kifaa chake taratibu mno. Nimeelewa. Lazima nitubu kabla sijaondoka.

Kosa lenyewe liko ukutani: saa ya tuzo, "Wa Kwanza Kuingia, Miaka Kumi". Uongo mtupu! Ni programu yangu ya kompyuta iliyoingia. Kila asubuhi saa moja na nusu ilibisha hodi kwenye mashine ya ofisi kutoka hapa nyumbani. Ikiulizwa jina, inajibu. Ikiulizwa neno la siri, inajibu. Inaandika "Nipo kazini" na kunishikia nafasi hadi nifike. Mimi nakoroma. Wa kwanza hasa alikuwa shemeji, mjane wa kaka yangu, aliyeacha watoto na homa zao ili awahi. Cheo nikapewa mimi.

Nimestaafu miaka kumi na miwili sasa. Yeye bado yuko ofisi ileile, na ndiye anayeninywesha dawa kabla ya kwenda. Nimwambie ana kwa ana? Siwezi. Nitatunga programu iingie huko na kumwachia barua ya toba. Hadi arudi jioni, hasira yake itakuwa imepoa. Akili hiyo!

Jumanne, 5 Machi
Programu imebisha, imetaja jina, imetaja neno la siri. Mashine ikajibu kwamba tayari nimeingia, tangu saa moja na nusu. Nani? Mimi niko kitandani, mito mitatu mgongoni! Nimejipapasa. Nipo.

Jumatano, 6 Machi
Imekataa tena. Nimemuuliza shemeji, kwa kuzungukazunguka, kama kuna mtu ofisini anayejifanya mimi. Akasema nani mwenye akili zake atake kuwa mimi, nimeze dawa. Nikalalamika kwamba masikio yanavuma, labda ndiyo mauti yanakuja. Akacheka hadi akashika mlango. Sielewi kitu.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeufuata mvumo kwa magoti hadi kabatini. Chini ya soksi zangu, kompyuta yangu ya zamani, ya moto, inachapa kazi! Sikuwahi kuizima. Miaka kumi na miwili ya kustaafu, na sijakosa kazini hata siku moja!

Shemeji akanikuta sakafuni. Nikaungama yote, nikiitazama kompyuta. Akasema anajua tangu siku tuliyomzika kaka. Mashine iliandika nimeingia kazini, na saa ileile nilikuwa nimeketi kando yake msibani, nimemshika mkono. Alinyamaza kwa sababu ningefukuzwa, na watoto wa kaka walikuwa wakinitegemea. Kompyuta aliiacha kwa kuwa inakausha soksi vizuri.

Cheo hakitaki tena. Saa haitaki, inachelewa. Anataka kitu kimoja tu: nimwombe radhi kwa mdomo wangu, nikimtazama usoni. Nikashikwa na kizunguzungu. Akasema haya, kesho basi, shemeji, lakini usije ukafa kwanza.

Ijumaa, 8 Machi
Ameketi ukingoni mwa kitanda, akasubiri. Nikasema leo kuna jua zuri. Akasubiri. Nikasema hii dawa ni chungu. Akasubiri zaidi, kisha akainuka akatoka. Amechelewa kazini kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Lakini nimepata ufumbuzi! Nimeirekebisha programu ya kabatini. Kuanzia Jumatatu, kila asubuhi saa moja na nusu, itaingia ofisini na kumwandikia: "Niwie radhi, shemeji." Hata nikifa, haitakosa siku.

Kompyuta nimeirudisha mahali ambapo hatapashuku kamwe: kabatini, chini ya soksi.