Waholanzi wa Makere

Wananchi wa Kibondo, Kasulu na vitongoji vyake vyote wanatangaziwa kwa furaha kubwa kwamba, kuanzia robo hii ya mwaka, hawana malalamiko tena. Tangazo lilibandikwa Jumatatu kwenye mlango wa Ofisi ya Kanda ya Usikivu Mtandaoni, pale Kibondo, likiwa na mihuri miwili kwa sababu wa kwanza ulikuwa umeishiwa wino. Wenye malalamiko, tangazo liliendelea, ni Waholanzi.

Aliyelichapa ni Pelagia, fundi mitambo wa ofisi, mwenye mkataba wa miezi sita sita ambao huhuishwa au usihuishwe kwa kadiri anavyoamka Mkurugenzi. Alilichapa bila kucheka. Ukikaa miaka miwili katika Ofisi ya Usikivu, misuli ya kucheka hulegea yenyewe.

Mambo yalikuwa hivi. Ofisi ilikuwa na Sanduku la Maoni la Mtandaoni, na mwanzoni watu walilitumia kwa moyo mweupe. Seremala mmoja wa Kibondo, Hatungimana, aliandika kwamba choo cha soko hakina mlango. Kwa mujibu wa Waraka wa Kwanza, aliitwa kwenye mahojiano ya shukrani. Alishukuriwa siku tatu mfululizo, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi, bila chai, akiulizwa ni nani hasa aliyemtuma chooni.

Baada ya hapo watu wakaingiwa na hekima ya simu. Walipakua VPN, ile programu inayochukua ujumbe wako na kuupitishia kwenye mtambo wa nchi nyingine, ili anayeupokea aone anwani ya huko na asione yako. Kuna VPN za kulipia zenye nchi zote za dunia, na kuna ya bure yenye Uholanzi peke yake. Watu wa Kibondo na Kasulu wakawa Waholanzi.

Mkurugenzi Stanislaus Nkunzimana, mtu asiyevua tai hata akiwa shambani, aliitazama ripoti ya mwezi akatikisa kichwa kwa mshangao wa kitaalamu. Maoni ya wananchi: sifuri. Maoni ya Waholanzi: mia nne na kumi na mawili.

"Pelagia," alisema, "hii ina maana gani?"

"Ina maana wananchi wanaogopa, Mkurugenzi."

"Hapana. Ina maana wananchi wametosheka, na Uholanzi kuna shida ya maji. Angalia hapa: *bomba letu la Makere limekufa miezi minane.* Maskini. Waandikie barua ya pole."

Pelagia aliandika barua ya pole. Alipofika kwenye neno Makere vidole vilimwia vizito. Bomba lile la mkono la kijijini kwao alilijua tangu utotoni. Fimbo zake za ndani zilikuwa zimekatika, na sasa kina mama walikuwa wakishuka bondeni kuchota maji ya kijito wanamokunywa ng'ombe. Masika iliyopita watoto waliharisha, na mmoja wao, mtoto wa jirani, hawakuwahi naye hospitali. Jambo hilo lilimuuma Pelagia kila alipofungua bomba la ofisini. Mwenyekiti wa kamati ya maji ya Makere alikuwa shangazi yake, Theodosia, na Theodosia ndiye Mholanzi aliyeandika mara tisa.

Si Waholanzi wote waliokuwa wakorofi. Mmoja, aliyejiita Johan wa Amsterdam, aliandika kila siku bila kukosa. "Mimi Johan nimezunguka dunia yote, sijaona Mkurugenzi mchapakazi kama Ndugu Stanislaus." Siku nyingine: "Nimepita Makere mwenyewe, nimekunywa maji ya bomba, yanatiririka, hadi nimeongeza kikombe." Ofisi ilichapisha maoni ya Johan kwenye kalenda.

Kisha Theodosia akavuja.

Ofisi ilikuwa imefunga waifai ya bure sokoni Makere, iitwayo Usikivu Bure, na kuitumia ilibidi ujisajili kwa jina na namba. Siku hiyo Theodosia alikuwa kwenye meza yake ya dagaa, VPN imewashwa, bando ni lake mwenyewe, anaandika lalamiko la kumi. Akainuka kumfuata mteja huku kidole kikiwa bado kwenye kioo. Hatua tano tu, na simu ikanusa Usikivu Bure, ikaacha bando ikahamia kwenye waifai. Katika kuhama huko VPN ilikatika. Kile kialama cha ufunguo juu ya kioo kikatoweka, na simu haikuuliza mtu. Ikatuma. Kwenye kompyuta ya ofisi ujumbe ukaingia peupe, na jina la Theodosia Ndayikunda chini yake.

Mkurugenzi alisimama juu ya kiti.

"Mholanzi amevuja!"

"Mkurugenzi, huyu ni mkazi wa Makere," Pelagia alisema. "VPN huwa inaanguka simu ikibadili mtandao. Sekunde chache tu, anwani halisi inatoka."

"Jana alikuwa wapi?"

"Makere."

"Mtambo unasema jana alikuwa Uholanzi. Mara tisa! Anasafiri kwa nauli ya nani?"

Siku hiyo hiyo ukazaliwa Waraka wa Saba, kifungu chake cha kwanza kikiwa na maneno matatu: *Anwani ndiyo mtu.* Kila aliyewahi kuonekana kwa anwani ya Uholanzi atahesabiwa mgeni, na hatashika wadhifa wowote wa umma, mpaka alete ndani ya siku kumi na nne barua ya kufahamika, iliyotiwa sahihi na kiongozi wa huduma aliyoitolea maoni.

Theodosia alifika Kibondo Alhamisi na kiroba cha karatasi. Alikuwa na cheti chake cha uraia ndani ya plastiki tatu.

"Mwakeye, bwana mkubwa," alisalimia kwa Kirundi. "Baba yangu alitoka Burundi mwaka sabini na mbili, hilo nimeulizwa toka nazaliwa, na majibu ninayo hapa. Ila hilo la Uholanzi, mawe, mama yangu! Hata njia ya kwenda siijui."

"Mama, cheti hiki kinasema wewe si Mrundi tena," Mkurugenzi alieleza kwa upole. "Hakisemi wewe si Mholanzi. Barua ya kufahamika iko wapi?"

"Nani anaitia sahihi?"

"Umelalamikia bomba. Basi, mwenyekiti wa kamati ya maji ya Makere."

"Ni mimi."

"Hapo pana mgongano wa maslahi."

"Kwa hiyo siruhusiwi kujifahamu?"

"Si kwa maandishi."

Siku kumi na nne zikipita, Theodosia angevuliwa uenyekiti, na malalamiko kumi ya bomba yangehamishiwa kwenye jalada la Mambo ya Nje. Pelagia alimsindikiza hadi nje ya geti, akajifanya anamwonyesha stendi.

"Nipe simu, shangazi. Upesi."

Aliogopa, tena sana, maana mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi na dirisha la Mkurugenzi lilikuwa linatazama geti. Aliingia kwenye mipangilio, akawasha mahali palipoandikwa kuzuia intaneti yote pasipo VPN.

"Sasa ikianguka, simu inanyamaza. Haitumi kitu mpaka isimame tena."

"Na wenzangu?"

"Wafundishe, shangazi. Mimi sijasema kitu."

"Ego, ndiyo, mwana wanje. Hata mimi sikukuona."

Theodosia alikuwa na wanakamati kumi na wawili, na kila mwanakamati alikuwa na kwaya. Hadi Jumapili jioni Makere yote ilikuwa imewashiwa kizuizi hicho.

Jumatano ikafanyika hafla ya kuzindua Mtambo wa Kuvujisha. Mkaguzi alitumwa kutoka makao makuu, Bibi Zuhra, mwanamke wa maneno machache aliyebeba chupa yake mwenyewe ya chai. Ukumbi ulijaa watumishi na wananchi walioalikwa kwa lazima, Theodosia akiwa mstari wa mbele kama kielelezo. Kompyuta ya Pelagia, iliyoungwa kwa waya, ilirusha ukutani kila ujumbe unaoingia kwenye Sanduku. Papo hapo ukatokea mmoja: "Johan nafuatilia hafla hii moja kwa moja kutoka Amsterdam. Mkurugenzi amependeza." Watu wakapiga makofi. Mkurugenzi, aliyekuwa amekaa na mkono mmoja chini ya meza, aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Kisha akasimama. "Mheshimiwa Mkaguzi, humu ukumbini mna Waholanzi. Wote wametegemea waifai yetu. Nikiikata, simu zao zitakimbilia kwenye laini, VPN zitaanguka, nao watavuja mbele ya macho yako. Fundi, kata!"

Pelagia alimsogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Mkurugenzi, ukikata, itavuja simu ya kila mtu ambaye hakujizuia. Ya kila mtu."

"Ndiyo maana ya kila mtu, Pelagia. Kata."

Alikata. Simu za Makere zilinyamaza kabisa, hakuna hata moja iliyokohoa. Kwenye ukuta palikuwa peupe kwa muda wa pumzi mbili, halafu ujumbe mmoja tu ukashuka, ule uliokuwa njiani: "Johan nasema tena, apewe nchi nzima huyu." Chini yake hapakuandikwa Uholanzi. Laini za watumishi zilikuwa na anwani maalumu zisizobadilika, kila moja na jina la mwenyewe, kwa agizo la Waraka wa Pili. Jina likajiandika kwa herufi kubwa: NKUNZIMANA, S., MKURUGENZI.

Mtu wa nyuma alisema, "Yesu weee," na hakuna aliyemkemea.

"Mtambo umekosea," alisema Mkurugenzi.

Bibi Zuhra alimimina chai. "Ule uliosema mama huyu ni Mholanzi ulikosea pia?"

"Ule... ule ulikuwa na ushahidi."

"Basi na huu unao. Johan ameonekana Uholanzi mara ngapi, fundi?"

"Mia mbili na tisini na saba, Mheshimiwa," alisema Pelagia.

"Waraka wa Saba umetiwa sahihi na nani?"

Watu waligeuka kuitazama sahihi, iliyokuwa ukutani kwenye fremu.

"Huduma aliyoitolea maoni ni maji ya bomba la Makere. Alikunywa, akaongeza kikombe." Bibi Zuhra akamgeukia Theodosia. "Mama, siku zako kumi na nne hazijaisha. Kwa hiyo bado ni mwenyekiti. Barua yake utaitia sahihi wewe. Hadi hapo, ofisi ataishika fundi."

Asubuhi ya pili Stanislaus alikuwa Makere, fomu mkononi, Pelagia akiwa shahidi. Theodosia alitandika daftari juu ya meza ya dagaa.

"Sisi hapa hatufahamiani kwa sura," alisema. "Tunafahamiana kwa zamu. Kila kaya inapiga bomba asubuhi moja, inawajazia wazee na wagonjwa, jina linaandikwa humu. Asiye na zamu hatumjui. Jina lako silioni."

"Nipangie zamu, mama. Hata leo."

"Zamu ya bomba bovu, baba, inapigwaje?"

Fimbo mpya, ambazo kwa miezi minane zilikuwa zinasubiri kikao cha tathmini, zilifika siku ya tatu, na mafundi wawili juu yake. Siku ya nne, saa kumi na mbili asubuhi, Stanislaus alivua tai, akaitundika kwenye tawi la mparachichi, akashika mpini. Maji yalitoka yakiwa na kutu, kisha yakatoka meupe, na wanawake wakapiga vigelegele, na Pelagia akalia bila kujificha. Stanislaus akapiga hadi ndoo ya ishirini, jasho likimchuruzika, ndipo akaomba barua yake.

Theodosia aliandika taratibu, akagonga muhuri wa kamati, akamkabidhi. Barua ilisema: *Kamati inathibitisha kwamba tunamfahamu vizuri Bwana Johan, Mholanzi, na kwamba anapiga bomba sawasawa.*

"Lakini mimi ni Stanislaus!"

"Aliyekuja kunywa maji yetu akatuandika ni Johan. Huyo Stanislaus hajawahi kufika hapa, bwana, muulize mtu yeyote." Akafungua ukurasa mpya. "Akitaka naye tumfahamu, Jumamosi ijayo ana nafasi. Sasa sogeza dumu la yule bibi, foleni bado ndefu."

Stanislaus alilisogeza dumu, akashika tena mpini.