Ofisi ya Baiskeli na Betri ya Msikiti

Jumatatu, 22 Julai 2013

Nimeamka na wazo. Wazo zima, si nusu! Nafungua ofisi. Hapa hapa kijijini kwetu, kando ya ghuba ya Tungue. Wazungu wa gesi wanapita na magari kila siku, na kila mtu anataka kazi kwa Projecto, mradi wao wa gesi. Kazi haipatikani bila currículo, karatasi ya sifa za mtu, na currículo ya mkono hawaisomi. Nani ana kompyuta? Mimi, Rama! Niliinunua Mtwara, imeshatumika. Betri yake ya ndani ilikufa zamani, ila ukiichomeka inawaka vizuri.

Mama mkwe, Bi Mwanawetu, amesema sebuleni kwake hapana. Nyumba ni yake, mimi ndiye niliyehamia kwa mke, kama ilivyo desturi. Akaongeza kwamba Idi ikifika sina kazi ya kueleweka, nitakwenda shambani kwake Olumbi kulinda mihogo isiliwe na nguruwe. Na mke wangu Haula atabaki hapa. Aliyasema taratibu, huku anachambua mchele. Hapo ndipo nilipoogopa. Haula nampenda, sina haja ya kujificha katika shajara yangu mwenyewe. Nguruwe siwapendi.

Basi ofisi itakuwa ya kutembea.

Jumanne, 23 Julai

Ofisi tayari! Ubao wa mlango wa zamani, viti viwili vya kukunja, mwavuli, kompyuta, printa ndogo. Vyote juu ya baiskeli moja. Jirani aliponiona akauliza kama nimeachika.

Haula kashona mfuko wa turubai wa kompyuta, una hata kifungo. Kauweka tu kitandani. Nimekaa nao mapajani kitambo.

Kasoro ni moja: umeme. Huku kwetu haujafika. Nimekwenda mjini Palma kwa Tarique, mwenye duka la fotokopi na jenereta, kumwomba aniazime betri. Kacheka mpaka kakaa chini. Kauliza ofisi yangu mlango wake uko upande gani. Nimemjibu: pande zote! Yaani jibu lilinijia nikiwa njiani narudi. Lakini nimelisema kwa sauti.

Jumatano, 24 Julai

Alhamdulillahi! Baada ya alasiri nimemkuta Mzee Mshamu, muadhini wetu, anapangusa betri ya kipaza sauti cha msikiti. Betri ya gari. Kubwa! Inafanya kazi wakati wa adhana tu, saa zote nyingine imelala. Nimetafakari sana. Kitu chenye nguvu kulazwa bure ni israfu, na israfu ni dhambi, seuze mwezi wa Ramadhani.

Nimemwambia Mzee kwamba betri isipoangaliwa na mtu wa ufundi hufa mapema. Mimi niko tayari kuiangalia kati ya sala na sala, bure, kwa thawabu. Kaniombea dua ndefu. Nimeitikia amina kila alipotua.

Alhamisi, 25 Julai

Wateja! Betri ya msikiti iko chini ya ubao, kompyuta juu. Wa kwanza Abudo, mvuvi. Nimemuuliza ana uzoefu gani. Kasema hana, anavua tu tangu utoto. Nikaandika kwa Kireno kwamba ni mtaalamu wa mazingira ya chini ya bahari. Kataka nimsomee. Nikamsomea. Kauliza: mtu huyo wakishampata, yeye Abudo watamtakia nini?

Swali limenikaa rohoni. Gesi yenyewe hakuna aliyeiona, iko chini ya maji, wanasema. Na mimi nawaandikia watu karatasi za kazi ambazo pia hakuna aliyeziona. Wanazikunja vizuri, wanaziweka kifuani. Nimewaonea huruma kweli. Halafu printa ikakwama, nikasahau.

Mama mkwe kapita, katazama foleni, kasema "mh." Hajawahi kunisifu hivyo.

Jumamosi, 27 Julai

Siku mbaya. Mbaya!

Adhuhuri adhana ilitoka kama mtu anaongea ndani ya mtungi. Mzee Mshamu alilaumu koo lake. Sikumkatalia. Betri ilitakiwa ipelekwe Palma kuchajiwa, nalijua hilo, lakini foleni ilifika kisimani. Ningeachaje? Nikairudisha msikitini kabla ya magharibi, nikaenda zangu mkekani kungoja futari.

Uji, muhogo wa nazi, tende. Jua likazama, sote tunaliona. Kimya. Huku kwetu tumeshazoea kufungua kwa kipaza sauti, na hakuna anayethubutu kumtangulia Mzee. Haula akasema labda jua halijazama sawasawa. Jirani akauliza ng'ambo ya ua kama sisi tumesikia. Hatujasikia. Kijiji kizima kimekaa, tende mkononi.

Mimi nilikuwa najua. Nikisema kuleni, wataniuliza nimejuaje. Nikajikaza, macho kwenye uji.

Kisha nikaona mkono wa mama mkwe unatetemeka. Ana sukari, hafai kufunga, na hakatazeki. Jasho limemtoka usoni, midomo imepauka. Nikapiga kelele: kuleni jamani, betri imekufa!

Wakala. Mama mkwe akala tende, akanywa maji, uso ukarudi. Ndipo akaniuliza, taratibu vile vile, habari za betri nimezipata wapi ilhali sijainuka mkekani.

Jumapili, 28 Julai

Nimeitwa msikitini. Mzee Mshamu hakunigombeza. Kasema tu kwamba alidhani sauti yake ndiyo inayokufa, na alishaanza kumtafuta wa kumrithi. Ningependa anitukane. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka.

Betri sasa inalala uvunguni kwake. Ofisi nimeikunja. Tarique keshasikia, kaniletea salamu kwa dereva wa chapa, basi dogo la abiria: eti nifunge mlango vizuri. Mama mkwe hakungoja Idi: kesho Olumbi. Haula kanifungia nguo zangu, hakulia mbele yangu.

Jumapili, 11 Agosti

Olumbi. Nguruwe hawana adabu, ila leo sitawaandika, maana Haula amekuja! Kaja na vitumbua vya Idi, na kompyuta ndani ya mfuko wake. Mama yake ndiye aliyemtuma. Kasema mtu aliyekubali kuaibika ili mkwewe anywe maji si wa kutupwa. Mihogo ikivunwa nitarudi nyumbani, kwa sharti moja: nikae bila hila. Nimeapa kwa Mungu. Machozi yalinitoka, nikasingizia moshi.

Wakati wa kwenda kumpokea nilipita mbele ya zahanati. Juu ya paa pana sola. Mpya, inang'aa! Muuguzi ameniambia ni ya friji ya chanjo, basi. Kifriji chenyewe kidogo, kama sanduku. Jua lote lile! Na watoto wa hapa nimewaangalia, wana afya nzuri sana.

Nimemwambia Haula kwamba kesho asubuhi nampeleka zahanati akapimwe presha. Hajawahi kupimwa maisha yake. Kompyuta nitakwenda nayo, isiachwe peke yake. Kanishika mkono. Kasema sasa ameamini, kweli nimebadilika.