Mguu wa Nyuma Kushoto

Jumatatu, 12 Januari 2026

Nimeficha jambo kwa miaka sita. Linahusu mguu wa chuma.

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Siku nilizobakiwa nazo hakuzitaja, ila aliongea na binti yangu Suzana pembeni, na Suzana alirudi akanipikia uji wa ulezi bila kuombwa. Basi naandika.

Karavani iliyo uani kwangu hapa Ilembo, kijumba cha bati chenye magurudumu mawili, niliachiwa na mtafiti wa ndege aliyekwenda kwao asirudi. Ina jeki nne, moja kila kona: miguu ya chuma inayoshushwa kwa kuzungusha mpini, ili kijumba kisiyumbe mtu akitembea ndani. Mguu wa nyuma kushoto umepinda. Kila mtu anajua aliyeupinda: Gideon, mume wa Suzana, aliyeivuta karavani kwa trekta mwaka 2019 bila kupandisha miguu. Ndivyo nilivyosema mbele ya ukoo mzima. Gideon hajakanyaga hapa tangu siku hiyo.

Jumamosi anakuja. Masista wa zahanati moja kule Mwamkulu wameiomba karavani, wajawazito wa mbali wapate pa kusubiria kujifungua mvua zikikata njia. Trekta ni ya Gideon. Suzana ameniambia taratibu kwamba huenda hii ikawa nafasi yangu ya mwisho ya kupatana na mkwe wangu. Nimemjibu kwamba nitamsamehe.

Nitamsamehe. Mimi!

Jumanne, 13 Januari

Nimemwita fundi Kashinje aunyooshe mguu kabla ya Jumamosi. Kosa kubwa. Amelala chini ya karavani na tochi, akakaa huko kama anasoma gazeti. Akatoka na hukumu. Mguu uliokokotwa na trekta hulala kwa nyuma, kasema. Huu umejikunja wima, kama goti la ng'ombe mzee. Umebebeshwa uzito kutoka juu. Akauliza ni nani aliyenyanyulia nyumba nzima kwa kijeki cha kutulizia.

Jirani yangu Athuman, mwenye duka la vipuri, alikuwa ameegemea uzio. Yeye na uzio ule ni kitu kimoja. Nikajibu kwamba chuma cha Ulaya kina tabia zake.

Athuman akasema, "Na hapo, Mwalimu, ndiwe uliyetufundishia watoto fizikia."

Kashinje alicheka. Nimemfukuza kabla hajagusa kitu.

Jumatano, 14 Januari

Nimepata dawa. Mguu ukionekana umelala kwa nyuma, maneno ya Kashinje yanakufa. Ni kuusukuma kidogo tu kwa nyundo! Nimesubiri Suzana aende sokoni. Pigo la kwanza, hakuna kitu. La pili, moyo ukaanza kupiga mbio kuliko nyundo. La tatu nikakaa chini kwenye tope. La nne, kilichopinda ni kidole gumba changu. Suzana nimemwambia ni mlango.

Ijumaa, 16 Januari

Mvua tangu jana. Ua umekuwa ugali mbichi. Miguu inazama, karavani inalala upande. Ikianguka, masista hawana chumba, na Gideon hana sababu ya kuja.

Kijitabu cha karavani kinasema uweke ubao mpana chini ya kila mguu. Mbao kavu zilizomo humu ndani ni za mninga, zile wanangu wa kiume walizoniletea mwaka juzi na kuzihifadhi darini. Ni za jeneza langu. Nimekata vipande vinne. Kimoja kabla ya uji, viwili baada ya uji, kimoja nikiwa nimelala ubavu. Nitazikwa mfupi kidogo. Miguu nimeipaka grisi na kuivisha viroba vya mbolea, tope lisiingie kwenye skrubu. Imesimama. Nimeitazama hadi nikapiga chafya.

Jumamosi, 17 Januari

Saa mbili asubuhi tairi la kulia halina upepo. Gideon anafika saa nne. Jeki ya gari ipo dukani kwa Athuman. Kumwomba Athuman? Heri nife, na wiki hii hayo si maneno ya mdomoni tu.

Kijitabu, ukurasa wa tisa: jeki hizi si za kunyanyulia. Nausoma bila miwani, kwa kichwa. Nikashika mpini wa mguu wa nyuma kulia. Mizunguko kumi. Karavani ikapanda. Kumi na miwili. Kikasikika kitu kama mfupa ukivunjika. Nikaondoka pale kwa haraka yote niliyobakiwa nayo.

Gideon alipofika, Athuman alishakuja kutazama na kuegemea kona ileile. Gideon akaingia chini na shati lake la kanisani. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka alichuchumaa mbele ya kiti changu, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Baba, ule wa kushoto nilijua tangu siku ile," alisema kwa sauti ya chini. "Ulinifundisha mwenyewe, kidato cha pili. Chuma husema kilisukumwa kutoka wapi."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza miaka yote.

"Mkwe hasahihishwi, Baba."

Nilijiandaa kusema neno moja, lile lenyewe. Nilichosema ni kwamba nilishamsamehe zamani.

"Asante, Baba," akajibu.

Akabadili tairi kwa jeki yake mwenyewe. Akapandisha miguu yote, miwili kwa nyundo, akaifunga kwa waya. Vipande vya mninga akavifuta tope kwa shati, akavipanga kando ya kiti changu. Alivijua ni vya nini. Suzana naye alivijua, akaingia ndani.

Jumapili, 18 Januari

Katekista ameniletea komunyo. Sikuweza kuimeza na uongo. Nimemwita Suzana nikamwambia: Gideon hakuupinda mguu wa kushoto. Niliupinda mimi, tarehe 14 Septemba 2019, nikibadili tairi, kwa sababu sikutaka kuazima jeki kwa Athuman. Gideon aliivuta kesho yake, nikamtwika.

Suzana alilia. Akampigia mumewe, wakaongea, akacheka mara moja. Moyo wangu ulitulia kama karavani juu ya mninga.

Kisha akarudi mlangoni akauliza, na wa kulia je?

Nikasema Athuman alikuwa ameegemea kona ile.

Amejifunga kanga, ametoka. Namsikia huko uzioni, na Athuman anaapa kwa Mungu wake.

Wa kulia pia ni mimi.