Jogoo wa Australia

Jumatatu, 3 Machi
Ulrich ametamka. Amekaa Kampala mpaka amekuwa Mganda: anayetaka kumwoa dada yake, Exaucée, amletee kwanza jogoo, kama shemeji wa Kiganda anavyopewa. Jumapili, baada ya ibada. Tuko wawili. Mimi Mugisho, fundi cherehani, sauti ya pili kwenye kwaya. Na Arsène, sauti ya kwanza, meno yote nje. Tayari ana jogoo kutoka soko la Nakawa. Mwekundu, kifua mbele. Namchukia yule jogoo.

Exaucée alikuwa anapanga maparachichi yake mbele ya duka langu, moja moja, taratibu. Nikamtazama. Nimeshona suruali ya mteja, mguu mmoja umefungwa kabisa.

Jumanne, 4 Machi
Labda niliota. Alfajiri, ukungu bado juu ya mabati ya Kisenyi, nilitoka kupiga mswaki. Katikati ya vitenge nilivyoanika amesimama ndege. Amenipita urefu! Shingo ya samawati, manyoya kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Si karoli, wale korongo wakubwa wa jalalani nawajua. Huyu alipita kati ya vitenge polepole, akivitazama kimoja kimoja. Nikasahau mswaki mdomoni.

Nasur wa gereji alisema huyo ni emu, wa Australia, na redio imetangaza kwamba ametoroka bustani ya wanyama ya tajiri fulani. Mimi nilisikia jambo moja tu: jogoo mkubwa kuliko wote Uganda!

Jumatano, 5 Machi
Nilimrushia kitenge cha mke wa mchungaji ili nimfunge. Emu amekivaa mpaka stendi ya teksi na kurudi. Kimempendeza, kusema kweli.

Kisha akaenda kwenye maparachichi ya Exaucée, yale makubwa ya kijani kibichi yaliyorundikwa chini kando ya meza. Akayaangalia. Akayakalia.

Ijumaa, 7 Machi
Bado amekaa. Hali, hanywi. Anayageuza kwa mdomo, anafumba macho. Mtaa mzima unapita ukinong'ona. Exaucée hauzi kitu wala halalamiki. Ameketi kando yake, anaimba chini chini. Ninamwonea wivu ndege.

Nilimvuta kwa nyuma. Nimepigwa teke. Exaucée hata hakucheka.

“Ya Mugisho, muache,” alisema, akiniita kaka kwa lugha ya kwetu. “Hapa Kisenyi ni yeye tu anajua kukaa bila maneno mingi.”

Jumapili, 9 Machi
Arsène alimleta jogoo wake kwa wimbo wa beti saba. Mimi nikamwonyesha Ulrich emu, nikahutubia. Ulrich alianza kuhesabu vidole vya miguu ya yule ndege, aone kama ni jogoo kweli. Exaucée akasema mbele ya wote kwamba haolewi kwa jogoo yeyote, mkubwa wala mdogo. Atamngoja mwanamume anayejua kutulia.

Ndipo wakaja watu wa bustani na lori. Walieleza kwamba ni dume, na kwao dume ndiye hulalia mayai, nayo ni ya kijani kama maparachichi. Exaucée aliwapa maparachichi yote yapande lori naye. Lori likaondoka pole pole, shingo ya samawati ikichungulia juu. Exaucée alilia. Nikalia pia, na hiyo haikuwa mbinu.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeelewa kila kitu! Tangu asubuhi nimekaa kando ya meza yake kwenye mto wa sponji, kimya kabisa. Nimemwambia hivyo. Nimewaambia na wateja wake, kila mmoja, jinsi nilivyotulia kuliko Arsène. Mchana Exaucée amehamisha meza ng'ambo ya barabara.

Kesho nitavuka. Pengine sikumweleza vizuri jinsi nilivyo kimya.