Ndama wa Gaudence Si Riba

Kwa Mwenyekiti,
Jopo la Kutahini Washauri wa Kodi.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Nakusalimu kutoka Keza, wilayani Ngara, ambako migomba imestawi na sisi wazee bado tupo, ingawa kwenye mtungi wa pombe tumepungukiwa na mmoja. Hajafa. Amekasirika, na hasira yake ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Mjukuu wangu Leonsia ni karani kwa wakala wa forodha mpakani Kabanga. Anajiandaa kwa mtihani wenu wa leseni ya ushauri wa kodi, na kwa kuwa chumba chake kule kimezungukwa na honi za mabasi na makelele ya wabadilisha fedha, amekuja kusomea kwangu. Sina ugomvi na elimu. Kitabu chenu nimekisoma mwenyewe, jalada hadi jalada. Kimeandikwa vizuri, ila watu wake hawaoi, hawazikani wala hawaalikani. Kazi yao ni kuwasilisha ritani za kodi tu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mtihani wenu haukai ndani ya kitabu. Leonsia anasema mambo hayashiki kichwani mpaka ayafanyie mazoezi, na mazoezi yenyewe ni sisi. Mke wangu Bonifasia hutengeneza pombe ya ndizi kwa ajili ya wageni wa baada ya misa. Jumapili moja akaulizwa, mbele ya wageni hao, stempu ya ushuru ameibandika upande gani wa mtungi. Bonifasia akamjibu, "Sogea nikuonyeshe pa kuibandika." Tangu siku hiyo mjukuu anajipikia.

2. Padri alipotutembelea aliulizwa kama kuku aliyekirimiwa ni mali ya kanisa au ni mapato yake binafsi. Alikuwa amekwisha kumla. Amesema atamwuliza askofu.

3. Ng'ombe. Hapa naomba usome polepole.

Nilivuka mto Ruvubu kutoka Burundi mwaka 1972 nikiwa mtoto, nikimfuata baba aliyebeba mkeka na sufuria isiyo na mfuniko. Tulikuwa wageni wa kila mtu. Ndipo baba yake Gaudence, mkulima wa hapa Keza, akamgabia baba yangu mtamba. Kugabiwa ng'ombe si kupewa ng'ombe tu. Ni kutangaziwa mbele ya watu kwamba kuanzia leo una kwenu. Ng'ombe huzaa, nawe baada ya muda humrudishia aliyekugabia ndama mmoja, mkanywa pamoja, na undugu ukaanza upya. Wazee wetu wale tumekwisha kuwazika, na mimi na Gaudence tumeuendeleza. Nilikozaliwa sikumbuki hata njia ya kisimani. Mtu akiniuliza kwetu ni wapi, nilizoea kunyoosha kidole kuelekea kwa Gaudence.

Mwezi uliopita nilimrudishia ndama. Watu wamekaa, mirija imo mtungini, Gaudence anajiandaa kusema maneno ya shukrani. Leonsia akafunga kitabu, kidole kikiwa bado kwenye ukurasa, akasema kwa adabu zote: "Shikamoo, babu Gaudence. Hebu nisaidie hapa. Mali ilitolewa, ikakaa, ikarudi na nyongeza. Huo si mkopo? Na ndama si riba? Sasa kodi ya hiyo riba mmekuwa mkilipa wapi?"

Gaudence ndiye msomaji wa somo la kwanza parokiani. "Riba?" akasema. "Yaani marehemu baba yangu alikuwa mkopeshaji?" Akachomoa mrija wake mtungini, akaondoka nao. Ndama akamwacha.

Hajakanyaga kwangu tena. Nikimsalimu njiani huitikia kama mtu aliyekabidhiwa bili. Nyumbani pa kwanza niliporwa kwa bunduki, Mheshimiwa. Pa pili mmepachukua kwa swali la alama nne, na mimi sina pa tatu.

4. Kwa kuwa mtahini hawezi kutahini asichokijua, naomba yafuatayo, na mantiki ni ileile ya kitabu chenu. Jopo zima mje Keza. Sehemu ya mwisho mtapanda bodaboda. Tutawagabia mtamba. Zizi mtajenga wenyewe na kuchunga ni kwa zamu, mwenyekiti akianza. Akizaa na ndama akaacha kunyonya, mmrudishe mbele ya watu, kisha mmoja wenu asimame atamke neno "riba". Tutatazama atakavyotazamwa. Hadi siku hiyo mtihani uahirishwe nchi nzima. Kwa uzoefu wangu wa ufugaji ni kama miaka mitatu, dume akiwa na ari. Watahiniwa wa mikoa mingine wawe wavumilivu. Hata wao wana babu zao.

Wafikishie salamu zangu wasahihishaji, makarani na mlinzi wa getini. Anayetunga maswali yenye vipengele vitano mpe pole, kuna kitu kilimpata utotoni.

Wako mlipakodi, kwa mujibu wa Leonsia,
Ndikuriyo,
Keza.

N.B. Bahasha, ambayo nimelazimika kuifungua tena, ilikuwa imekwisha kubandikwa Gaudence alipoingia uani asubuhi ya leo. Hakunisalimu. Mkononi alikuwa na barua ya makadirio ya kodi ya mashine yake ya kukoboa kahawa, iliyoungua mwaka juzi. "Yuko wapi yule mtoto wa riba?" akauliza. Leonsia akaweka kitabu kando, wakakaa hadi mchana, wakaandika pingamizi. Jioni Gaudence akarudi anaswaga mtamba, akamgabia Leonsia mbele yetu sote, naye akapiga magoti akapokea kwa mikono miwili. Kwa hiyo msije, na mtihani msiuahirishe hata kwa siku moja. Theonest wa jirani naye amekuja na barua kama ile, na nyuma yake wapo wengine. Nimemwuliza Leonsia ndama atakayezaliwa tumwite nini kisheria. Amesema, "Babu, hilo halimo kwenye mtihani."