Nusu ya Bei ya Tai

Jumatatu, 3 Machi
Nimepigwa na butwaa. Tai ameshusha bei. Huyu ni mpinzani wangu wa ng'ambo ya barabara. Hufunga tai hata jua likichoma, kana kwamba mashine za kusoma alama za vidole hutengenezwa kwa shingo. Mke wangu ndiye anayeunganisha mashine zetu. Mimi nashughulikia mikakati. Akasema tuiache bei yetu ilivyo, maana zetu husoma hata kidole chenye jasho, za Tai hukataa. Nikabandika tangazo mlangoni: hapa, nusu ya bei yake. Gundi ikaganda kwenye kidole gumba. Tangu hapo mashine ya mlango wetu imekataa kunitambua. Nimeingilia dirishani. Wateja wawili wameniona, hawakuingia.

Jumanne, 4 Machi
Tai hajajibu. Hajashusha tena hata kidogo. Alisimama dirishani kwake akanipungia mkono. Sijawahi kuona mtu akishindwa kwa adabu namna ile. Mke wangu anasema kwa bei hii, kila mashine tunayouza inatutia hasara. Nikamweleza kwamba hasara ya leo ni ya makusudi. Akauliza, na ya kesho je? Nikaenda kunywa maji.

Alhamisi, 6 Machi
Siamini macho yangu. Oda! Mashine zote zilizokuwa rafuni, pamoja na ambazo bado hazijatengenezwa. Mteja ni mmoja, kampuni nisiyowahi kuisikia, na anazitaka bila jina letu kwenye kava. Shemeji, mdogo wake mke wangu, anazipeleka kwa mkokoteni. Vifaa vimetuishia, nimeuza kochi ili tununue vingine. Mke wangu akaja sebuleni na kikombe cha chai, akakuta nafasi tupu. Akasimama palepale akanywa chai yote bila kunitazama. Kwa jumla, mambo ni mazuri.

Ijumaa, 7 Machi
Nilikwenda kwenye zahanati kuwauzia mashine. Mlangoni, tayari ipo ya Tai, jina lake limeandikwa kwa dhahabu. Nikaweka kidole chenye jasho huku nacheka moyoni. Taa ya kijani: imekisoma. Nikalowesha kidole kwa mate. Kijani. Nesi akaniomba niache kuilamba mashine. Nilirudi karakana nimenywea, nikamwambia Shemeji kwamba Tai sasa anatengeneza mashine nzuri kama zetu.

"Si ndizo zetu," akasema.

"Zetu vipi?"

"Hizi ninazompelekea. Geti la nyuma. Anabandika jina lake, anauza kwa bei yake ileile. Nilidhani mmepatana, shemeji."

Nikatafuta pa kukaa. Kochi hakuna. Nikakaa juu ya boksi, likabonyea.

Jumatatu, 10 Machi
Nimevuka barabara kumkabili. Nilikuwa nimepanga maneno makali. Tai akanivutia kiti, akaniita kaka, akazisifu mashine zetu mpaka nikasahau neno la kwanza. Kisha akanishtua: amefunga karakana yake, mafundi wake wote wameondoka. Kwa nini ahangaike kutengeneza, alisema, wakati mimi nipo? Halafu akaomba punguzo, kama mteja mwaminifu. Nilijifanya kupiga hesabu kwa vidole ili ateseke. Nikampa.

Mke wangu aliposikia habari ya karakana kufungwa, aliweka bisibisi mezani taratibu.

"Basi pandisha bei leo hii," akasema. "Hana fundi, hana vifaa, na wateja wanamsubiri. Atalipa tu."

Nilimwonea huruma. Ni fundi mzuri sana, lakini biashara haijui. Adui akishaanguka humpi nafasi ya kupumua. Nimeshabandika tangazo jipya mlangoni: robo ya bei ya Tai. Amelisoma akiwa dirishani kwake, akafumba macho na kuweka mkono kifuani.

Sasa ameumia.